Umeme wa Debe Moja

Ukimuuliza mwenye mashine ya kusaga umeme unamla kiasi gani, atakujibu kwa mwezi: Februari laki mbili, Julai laki nne na ushee. Jibu lake ni la kweli, ila halimsaidii kuamua lolote. Julai mahindi yametoka shambani, foleni ya madebe haikatiki, na umeme lazima upande. Je, amepata hasara kwa kulipa mara mbili, au amepata faida kwa kusaga mara tatu? Hawezi kujua, kwa sababu namba anayoishika mkononi haijaunganishwa na kazi aliyoifanya. Hoja ya makala haya ni hiyo. Kwa mtu mwenye biashara ndogo hapa Masieda, au popote Mbulu na Hanang, gharama ya umeme na uendeshaji haipunguzwi kwa kuangalia bili ya mwezi na kuapa kubana matumizi. Hupunguzwa kwa kujua debe moja la unga, sahani moja ya wali, kichwa kimoja kilichonyolewa au soda moja ya baridi imegharimu shilingi ngapi za nishati, kisha kuifuata shilingi hiyo mpaka mahali inapovujia. Anayebana bila kupima mara nyingi hubana pasipovuja. Huzima taa ya wati saba akaacha mota ya kilowati kumi na tano ikizunguka bure.

Tuanze na bei, maana hesabu yote inasimama juu yake. Bei za TANESCO zilizoidhinishwa na EWURA na kuanza kutumika Aprili 2016 ziliweka uniti moja ya kundi la T1, ambalo ndilo la biashara ndogo nyingi, kuwa shilingi 292. Juu yake kuna VAT asilimia 18, tozo ya EWURA asilimia 1 na ya nishati vijijini asilimia 3, hivyo uniti inaishia karibu shilingi 356. Kundi la D1, la matumizi madogo ya nyumbani, hulipa shilingi 100 kwa uniti 75 za kwanza za mwezi, yaani 122 pamoja na makato. Ikipita hapo, kila uniti ya ziada ni shilingi 350, yaani 427 pamoja na makato. Ziandike namba hizi tatu ukutani karibu na mita: 356, 122, 427. Na usishangae tokeni ya kwanza ya mwezi ikikupa uniti pungufu, kwani kodi ya jengo imekuwa ikikatwa kupitia LUKU tangu Agosti 2021. Ukigawa pesa uliyolipa kwa uniti ulizopata siku hiyo utadhani bei imepanda. Hesabu kwa uniti zilizotumika, usihesabu kwa vocha.

Uzuri wa LUKU ni kwamba imempa kila mtu kipimo bure, ingawa wengi wanaitumia kama mahali pa kuingizia namba tu. Kila asubuhi kabla hujafungua, soma uniti zilizobaki, uandike kwenye daftari. Pembeni andika kazi iliyofanyika jana: madebe, sahani, vichwa, kreti. Ugawe. Hiyo ni kazi ya dakika mbili, na baada ya wiki mbili tu utaona siku ambazo debe limekula umeme mwingi kuliko kawaida. Ukitaka kujua kifaa kimoja kinakula kiasi gani, zima vingine vyote, kiwashe hicho, uangalie taa ndogo nyekundu ya mita inavyopepesa. Mita nyingi zimeandikwa idadi ya mapigo kwa uniti moja, mfano 1000 imp/kWh. Kwenye mita ya namna hiyo, ukihesabu mapigo 60 kwa dakika, kifaa kinavuta kilowati 3.6, maana kwa saa taa itapiga mara 3,600, na kila 1,000 ni uniti moja. Mita yako ikiwa na namba nyingine, gawanya kwa hiyo. Kisha zima kila kitu na utazame tena. Taa ikiendelea kupepesa wakati hakuna kilichowashwa, ama kuna waya unaovuja, ama kuna mtu mwingine anakula kwenye mita yako, na kabla ya kuwaza kubana chochote inabidi fundi aitwe.

Kwa kuwa mashine ya kusaga ndiyo inayomeza umeme kuliko biashara nyingine kijijini, nitakaa nayo zaidi. Mota ya nguvu za farasi 20 ni sawa na kilowati 15 kwenye shafti, na ikiwa na mzigo kamili huvuta kama kilowati 16.5 kutoka kwenye mita. Saa moja ya kusaga kwa nguvu zote ni uniti 16.5, karibu shilingi 5,900. Hiyo ni pesa halali, inarudi kwenye unga. Tatizo ni saa ambazo mota inazunguka na hakuna kitu ndani ya mashine. Mkanda unazunguka, feni inapuliza, nyundo zinakata hewa, na kwa kawaida mota hapo huvuta kati ya robo na theluthi ya nguvu zake. Tuchukue uniti 5 kwa saa. Mama mmoja amemaliza kusagiwa, mwingine bado anapepeta, wa tatu anatafuta chenji, na mota inaunguruma. Ukikusanya vipande hivyo vikafika saa mbili kwa siku, kwa siku 26 za kazi umetumia uniti 260. Zizidishe kwa 356, utapata shilingi 92,560 kila mwezi ambazo hakuna mteja aliyezilipa.

Hapa wenye mashine huleta pingamizi moja wanalolirithishana: kuwasha mota kunakula umeme mwingi kuliko kuiacha ikizunguka. Lina chembe ya ukweli. Wakati wa kuwaka, mota huvuta mkondo mkubwa, mara tano hadi saba ya kawaida, ndiyo maana taa za jirani hufifia. Lakini mkondo huo hudumu kwa sekunde chache. Hata ukikadiria kwa ukali, kuwasha mara moja hakufiki theluthi ya uniti, sawa na dakika tatu au nne za kuzunguka bure. Kinachoumia kwa kuwashawasha ni mota yenyewe, kwa sababu joto la kila mwanzo hukaa ndani ya nyaya zake, na mota ikiungua kuisuka upya ni gharama nzito. Kanuni ya haki basi ni hii: kama mapumziko yatazidi dakika kumi, zima, kama ni chini ya hapo, acha. Njia bora kuliko zote mbili ni kupanga mapumziko yasiwepo. Pokea madebe kwa saa zinazojulikana, yapange, yakifika kumi au kumi na tano washa usage mfululizo. Utaniambia mteja hatasubiri, atakwenda mashine ya jirani. Wapo watakaokwenda. Ila mteja wa kijijini hachukii kusubiri kama anajua atasubiri hadi lini. Anachokichukia ni kuambiwa “sasa hivi” tangu saa mbili hadi saa sita. Bandika saa zako mlangoni, uzifuate hata siku ya mvua, na mtu wa mbali atapanga safari yake kwa saa hizo.

Pili ni hali ya mashine yenyewe. Nyundo za mashine zikiwa na kona kali hupasua punje. Zikishaviringika huisukuma tu, punje inazunguka ndani mara nyingi zaidi kabla haijapita kwenye chekeche, na kila mzunguko umelipiwa. Tuseme mashine yako ikiwa nzima inasaga kilo 350 kwa saa. Debe la kilo 18 linakula takriban uniti 0.85, yaani shilingi 300 hivi. Nyundo zikichakaa uwezo ukashuka kwa theluthi, debe lilelile linakula uniti 1.3 hivi, zaidi ya shilingi 450. Tofauti ya shilingi 150 kwa debe ni ndogo kiasi kwamba hakuna anayeiona, lakini kwa madebe 40 kwa siku ni shilingi 6,000, na kwa mwezi wa siku 26 ni 156,000. Nyundo nyingi zimetengenezwa zigeuzwe, upande mmoja ukiisha unatumia wa pili, na kazi hiyo haihitaji kununua kitu. Kumbuka tu kuzigeuza zote na kuziweka kwa uzito unaolingana, maana ekseli iliyoelemewa upande mmoja hula beringi. Mkanda ukilegea utasikia harufu ya mpira unaoungua, na harufu hiyo ni umeme uliogeuka moto badala ya unga. Ukikazwa kupita kiasi nao unaelemea beringi. Puli mbili zisipokaa mstari mmoja mkanda unasuguana ubavuni. Haya yote fundi wa kawaida anayaona kwa macho kama akiitwa kabla ya kuharibika.

Kitu cha tatu kinatoka kwa mteja: unyevu. Mahindi ya kuuza yanatakiwa yasizidi unyevu wa asilimia 13.5, na yanayoletwa mashineni mwezi wa sita, mengine yakiwa yametoka shambani juzi, huwa mbali na hapo. Mahindi mabichi hayapasuki, yanakandamizwa. Chekeche linaziba, mota inanguruma, unga unatoka na joto na haukai. Kipimo cha bei rahisi kipo. Tia chumvi kavu kidogo kwenye chupa ya kioo iliyokauka, ongeza punje za mahindi, funga, tikisa kwa dakika chache. Chumvi ikigandamana kwenye kioo mahindi bado ni mabichi. Mwenye mashine anaweza kumwambia mteja aanike siku mbili zaidi, au akamtoza bei ya mahindi mabichi. Hiyo ya pili inaonekana kama ukali, lakini kwa sasa anayeanika vizuri ndiye anayemlipia asiyeanika, na sioni haki ilipo.

Wapo ambao bado wanasaga kwa injini ya dizeli, ama kwa sababu laini iliyofika kwao ni ya fezi moja na mota kubwa inataka fezi tatu, ama kwa sababu injini ipo na inaunguruma vizuri, kwa nini waibadilishe. Lita moja ya dizeli ina joto la karibu uniti kumi, lakini injini ndogo hugeuza kama robo yake, ikizidi sana thelathini kwa mia, kuwa nguvu ya kuzungusha. Kwa hiyo lita inakupa uniti mbili na nusu hadi tatu za kazi. Dizeli ikiwa shilingi 3,000 kwa lita, kila uniti ya kazi ni shilingi 1,000 hadi 1,200, na bado hujalipa bodaboda ya kubeba dumu kutoka kituoni. Mota ya umeme inakupa uniti hiyohiyo ya kazi kwa shilingi ambazo hazifiki 400. Bei ya mafuta hubadilika kila mwezi EWURA inapotangaza bei kikomo, kwa hiyo rudia hesabu mwenyewe, lakini ili dizeli ilingane na umeme ingebidi ishuke mpaka chini ya shilingi 1,200 kwa lita. Injini isitupwe. Inabaki kuwa akiba ya siku umeme unapokatika katikati ya msimu, na ili iwe akiba kweli iwashwe walau mara moja kwa mwezi. Tofauti ni kwamba siku hiyo ujue debe lako ni la bei gani, na uamue kama unasaga kwa faida au unasaga kulinda wateja. Yote mawili yanaruhusiwa mradi uyajue.

Hanang ina somo kubwa la jambo hili. Kuanzia miaka ya 1970 shirika la umma la NAFCO, kwa msaada wa Kanada, lililima ngano kwa matrekta na mashine za kuvunia katika mashamba makubwa ya Basotu na majirani zake, juu ya ardhi ambayo wafugaji wa Kibarbaig waliipoteza. Ngano ilipatikana, tena nyingi, na kwa kuangalia magunia ungesema mradi umefaulu. Wakosoaji waliuliza gunia moja linagharimu nini ukihesabu dizeli, vipuri na mitambo iliyotoka nje. Msaada ulipokoma mwanzoni mwa miaka ya 1990 mashamba hayakuweza kujibeba kama zamani, na baadaye serikali ikayabinafsisha. Ukubwa wa mavuno ulikuwa umeficha gharama ya gunia. Biashara ndogo haina mfadhili wa kuificha kwa miaka ishirini. Inafichwa na mtaji wa mwenyewe, mpaka siku anapotaka kununua mkanda mpya akakuta droo haina kitu.

Tuhamie dukani, na hapa nitasema jambo ambalo wauza vinywaji hawatalipenda. Friji la kioo, lile lenye taa na nembo ya kampuni ya soda, linakula kama uniti 4 kwa siku kwa sababu kioo hakizuii joto kama ukuta mnene. Uniti 4 ni shilingi 1,424 kwa siku, karibu 43,000 kwa mwezi. Kama faida yako kwa soda ni shilingi 150, chupa kumi za kwanza za kila siku zinamfanyia kazi friji, wewe unaanza kula kuanzia ya kumi na moja. Kwenye joto la Dar es Salaam mtu anaweza kusema bila friji hauzi kabisa. Lakini nyanda za Mbulu si Dar. Juni na Julai watu wanatembea na mablanketi mabegani, wanagombea chai, na wanywaji wa bia wenyewe huagiza ya moto. Kuendesha friji la kioo usiku na mchana katika miezi hiyo ni kulipa TANESCO ifanye kazi ambayo baridi ya nje inaifanya bure. Zima usiku, washa saa tano asubuhi, au lizime msimu mzima wa baridi kama daftari linasema chupa kumi hazifiki. Onyo: hii ni kwa soda, maji na bia tu. Nyama, samaki, maziwa na dawa za mifugo haziguswi. Kwa vitu hivyo friji liendelee, ila likae mbali na ukuta kwa kiganja kimoja, barafu iondolewe kabla haijawa nene, na mpira wa mlango ujaribiwe kwa karatasi: ifungie karatasi mlangoni, uivute, ikitoka bila kukaza mpira umekufa.

Kwa mama anayeuza barafu na juisi nyumbani, hesabu ni tofauti na inavutia zaidi. Yeye yuko D1, ana uniti 75 kwa shilingi 122, sawa na uniti mbili na nusu kwa siku. Friza la kulala lenye mfuniko wa juu, likiwa zima na limejaa, linaweza kukaa karibu na uniti mbili au chini. Taa na simu zinaingia kwenye salio. Friza kuukuu lililonunuliwa kwa bei ya kutupa, lenye mfuniko usiofunga, linakula tatu au nne, na kila uniti inayovuka 75 inamgharimu 427. Mtumiaji anayezidi kiwango mwezi baada ya mwezi anahamishiwa T1, akaipoteza hata ile 122. Kwa hiyo friza la bei rahisi ndilo ghali. Akilipia friza jipya taratibu, tofauti ya umeme inaweza kubeba sehemu nzuri ya deni.

Jikoni kwa mama lishe adui ni kuni na muda. Mahali penye mwinuko wa mita 1,800, na nyanda za juu za Mbulu zina sehemu nyingi za namna hiyo, maji huchemka yakiwa na nyuzi 94 hivi badala ya 100. Ndiyo maana maharage yanayoiva kwa saa mbili pwani huku yanakataa. Kuchochea moto hakusaidii. Maji yakishachemka hayapandi joto tena hata ukitia gogo zima, yanageuka mvuke tu. Kinachosaidia ni kuloweka maharage na makande usiku kucha, kufunika sufuria, kupunguza moto mara maji yanapochemka, na ukiweza, kutumia sufuria la presha ambalo hulazimisha maji yapande joto kupita kiwango cha mahali. Jiko la umeme la presha hupika kilo moja ya maharage kwa kama nusu uniti, chini ya shilingi 200 kwa bei ya T1. Linganisha na mkaa unaouteketeza kwa kilo hiyo, kwa bei ya kwako. Mafiga matatu hupeleka kwenye sufuria kama sehemu moja kati ya saba hadi kumi za joto la kuni, jiko banifu lililojengwa vizuri hupeleka mara mbili yake au zaidi. Serikali imeweka mkakati wa nishati safi ya kupikia wa 2024 hadi 2034 wenye lengo la asilimia 80 ya Watanzania, lakini mama lishe hahitaji kusubiri lengo la taifa. Ahesabu sahani zake. Na mwenye ng'ombe wa zizini asikilize habari za biogesi kutoka CAMARTEC ya Arusha kabla ya kusema haimhusu.

Biashara nyingine nazipitia haraka. Kinyozi asipoteze usingizi, mashine ya kunyolea inakula wati kumi na kitu. Umeme wake unaliwa na televisheni na kifaa cha kuchemsha maji. Saluni ya kina mama inaumia kwenye draya, kilowati moja na nusu hadi mbili, na dawa yake ni kufuta nywele vizuri kwa taulo kwanza. Mchomeleaji azime mashine akipima na kukata chuma. Balbu ya zamani ya wati 60 ikiwaka saa tano kila usiku ni uniti 9 kwa mwezi, shilingi 3,200. Ya LED ya wati 9 haifiki 500. Ibadilishe leo tuendelee na mengine.

“Si afadhali nifunge sola niachane na haya yote?” Swali hili huja kila mara. Jua tunalo, na kwa taa, simu, kunyoa na redio sola ni sahihi kabisa. Ila paneli ya wati 300 inakupa kama uniti moja na robo kwa siku. Friji la kioo la uniti 4 linataka zaidi ya paneli tatu, pamoja na betri za kulivusha usiku, na betri ya asidi ikishushwa chini ya nusu kila siku inakufa mapema. Ukipunguza kwanza matumizi kutoka uniti 4 hadi 2, mtambo wa sola unaohitaji unapungua kwa nusu. Anayeanza na sola bila kupima ananunua paneli za kulisha uvujaji. Wengine husema umeme sasa ni mwingi, bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji lina megawati 2,115, kubana ni habari za wakati wa mgao. Umeme ukiwa mwingi Rufiji haujapunguza shilingi 356 kwenye tokeni yako. Wala hauondoi tatizo la vijiji vilivyo mwisho wa laini, ambako kati ya saa moja jioni na saa nne usiku volti hushuka. Mota inayotaka volti 400 ikipewa 340 huvuta mkondo mkubwa zaidi kufanya kazi ileile, inachemka, na hatimaye inaungua. Saga asubuhi. Fundi akufungie kinga ya kukata umeme volti zikishuka au fezi moja ikipotea. Na kama volti ziko chini kila siku, ziandike kwa tarehe na saa kisha peleka TANESCO. Malalamiko yenye namba husikilizwa kwa namna nyingine.

Gharama za uendeshaji zisizo za umeme hufuata kanuni hiyohiyo. Safari moja ya kwenda Mbulu mjini au Haydom kuchukua bidhaa igawiwe kwa katoni zilizoletwa. Katoni tano kwa bodaboda mara tatu kwa wiki ni ghali kuliko wenye maduka watatu kuchangia gari moja, hasa masika njia zinapoharibika. Makato ya miamala ya simu nayo yahesabiwe. Daftari hili lina faida nyingine pembeni: katika kodi ya makadirio, TRA hutofautisha anayeweka kumbukumbu na asiyeweka, na kwa wengi wenye mauzo madogo kumbukumbu ndizo zinazomshushia mtu kodi.

Anayesema hana mtaji wa kurekebisha aangalie mpangilio. Kupima, kuzima, kupanga saa, kugeuza nyundo, kuloweka maharage, kuzima friji la soda msimu wa baridi, yote hayo hayana bei. Pesa inayookolewa hapo iwekwe mahali pake isichanganywe na ya matumizi, na ndiyo inunue mkanda, mpira wa mlango na balbu. Mkopo uje mwisho, kwa mota au friza, na uje baada ya daftari kuonyesha utajilipa kwa miezi mingapi. Halmashauri zinatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba kwa vikundi: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Kikundi chenye daftari la miezi mitatu kina maneno ya kusema mbele ya afisa maendeleo ya jamii.

Linabaki suala la nani anashika swichi. Mashine nyingi za kijijini haziendeshwi na mwenyewe. Kuna kijana anayelipwa kwa mwezi au kwa siku, na kwake mota ikizunguka bure hakuna anachopoteza. Kumgombeza hakufai, maana unamtaka aongeze kazi ili wewe upate faida. Mpe sehemu. Mkubaliane kwanza debe linakula uniti ngapi kwa hali ya sasa, mkipima pamoja wiki mbili, yeye akisoma mita na wewe ukiandika. Baada ya hapo kila mwisho wa mwezi hesabuni uniti zilizopungua kwa debe, zidisheni kwa madebe na kwa 356, na theluthi ya pesa hiyo iwe yake. Msimu wa mahindi mabichi mpatane kiwango kingine, asije akaadhibiwa kwa unyevu wa shamba la mtu.